Mikono Dirishani

Msibani watu hawasemi ukweli, na mimi sina ugomvi na hilo. Mtu akishafukiwa husamehewa mengi, na waliobaki wanahitaji maneno ya kufutia machozi. Lakini siku tulipomzika Wakili Gwakisa hapa Tunduma, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, kijana mmoja mwenye suti alisimama kusoma wasifu wa marehemu, na alipofika mahali pa kazi akapaza sauti: "Huyu ndiye baba wa utaratibu wa madirisha, uliowapa akina mama wa vijijini kura bila kuvunja mila zetu." Watu wakaguna kwa heshima. Mama niliyekaa naye akanigeukia, akaniuliza kama nalia. Nikamwambia silii, nina hasira. Akasogeza kiti chake pembeni kidogo, nami simlaumu. Nilikula pilau la msiba kwa sababu nilikuwa na njaa, nikatia sahihi kitabu cha rambirambi kwa sababu niliwekewa kalamu mkononi, kisha nikarudi nyumbani kwa miguu katikati ya foleni ya malori, nikiongea peke yangu. Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Basi mimi nitamsema, maana wale aliowaumiza bado wako hai na hakuna aliyewahi kuwasomea wasifu. Madirisha yale nayajua. Nilikuwa ndani ya darasa siku yalipotumika mara ya kwanza, na Gwakisa siku hiyo hakuwepo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, sheria mpya ya ardhi za vijiji ikiwa bado changa, na kila mwenye gari alikuwa akitafuta kijiji cha kumkatia kipande. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, chumba kimoja kilichogawanywa kwa plaiwudi: upande mmoja Gwakisa, mkurugenzi, upande mwingine mimi na kompyuta iliyotaka kubembelezwa kila asubuhi. Ukiegemea dirisha unaona malori yakisubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, na vijana wenye mabunda ya kwacha wakimsalimu kwa Kibemba kila mwanamke anayepita, "Mulishani mayo, tuchenji?" Harufu ya grisi ilipanda kutoka dukani, harufu ya dagaa wa kapenta ikapanda kutoka kwa mama ntilie wa nyuma, na sisi katikati tukiandika juu ya haki za binadamu. Cheo changu kilikuwa wakili wa sera. Ndugu zangu hawakuelewa, na nilichoka kuwaeleza. Wakili mwingine humtetea mtu. Mimi nilitetea sentensi. Halmashauri ikitunga sheria ndogo, wizara ikitoa rasimu ya mwongozo, nilikaa na kalamu nyekundu nikitafuta mahali ambapo mwanamke, au mfugaji aliyehamia, au maskini yeyote, ameachwa nje, kisha naandika maoni, kisha nayafuata yale maoni ofisi kwa ofisi mpaka mtu ayasome. Mahakamani hatukwenda. "Sisi siyo zimamoto, Dada Suzana," Gwakisa alikuwa akiniambia tukila ugali na kapenta, akinisogezea bakuli la pilipili. "Kesi inamsaidia mmoja. Sera inawasaidia hata ambao hawajazaliwa." Alikuwa mrefu, mcheshi, anayekumbuka jina la mtoto wa kila mtu. Nilimpenda na kumwamini, na hilo ndilo linalonichoma zaidi leo. Mtu usiyemwamini hawezi kukufanyia alichonifanyia mimi.

Tusekile nilikutana naye Mlowo siku ya mnada. Tulikuwa na semina katika ukumbi nyuma ya nyumba ya wageni, semina ya kawaida ya wakati ule: bango ukutani, soda mezani, wajumbe wanaosinzia hadi itajwe posho. Yeye hakualikwa. Aliingia katikati, ndoo ya maharage kichwani, akaitua mlangoni akaikalia. Nilipomaliza kusema na watu wakaenda kujipanga kwa chakula, akanijia.

"Wewe ndiye wa sheria?"

"Ndiye mimi, mama."

"Usiniite mama, tunalingana. Tusekile. Nauliza hivi: bonde la watu likitolewa kwenye mkutano ambao wenye bonde hawakuwepo, limetolewa au limeibiwa?"

Nikamuuliza nani aliwakataza kuhudhuria. Akasema hakuna aliyewakataza. Nikamuuliza kama walipewa taarifa. Akasema walipewa, mgambo alipita na filimbi. Nikaanza kukasirika, maana nilidhani napotezewa muda. "Sasa mbona hamkwenda?"

"Waliufanyia uani kwa mwenyekiti," akasema, kama mtu aliyekwisha kueleza yote.

"Mwenyekiti anaitwa nani?"

Akatazama sakafu. "Simtaji."

"Unamwogopa?"

"Mwe! Simwogopi. Ni mkwe. Nimeolewa na mtoto wake." Ilibidi amwite mwanamke mmoja muuza karanga aliyekuwa barazani, mzaliwa wa kijiji hicho aliyeolewa kwingine, ndiye anitajie: Mzee Simioni.

Mimi ni mtu wa mjini, na mila hiyo nilikuwa nikiisikia tu, sikuwahi kuiona ikiishi. Katika kijiji kile, ambacho sitakitaja ila ni mbele ya Ihanda, mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hampi mkono, halitamki jina lake, haketi alipoketi. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite. Wala si mwanamke peke yake anayejificha: mzee naye ni lazima ageuze uso, na asipogeuza, aibu ni yake. Siyo desturi ya kuchekwa. Niliwaona wazee wakizunguka mashamba mazima jua kali ili binti wa watu amalize kuoga kisimani kwa amani, na nimeona ndoa za mjini zisizo na heshima ya namna hiyo hata kidogo. Lakini kijijini kila mwanamke aliyeolewa ana mkwe, na wakwe ndio wazee, na wazee ndio serikali. Ukiitisha mkutano mkuu mahali ambapo wazee wamekaa mbele wametazamana na watu, umewafungia nje wake wote wa kijiji, na hukumkataza hata mmoja.

Bonde lenyewe lilikuwa na chemchemi isiyokauka kiangazi. Kahawa ilikuwa mlimani, na kahawa ilikuwa ya wanaume, na bei yake ikipanda hela ilinywewa Mlowo. Bondeni kulikuwa kwa wanawake: maharage, viazi, kabichi, mahindi mabichi wakati kote kumekauka. Binti akiolewa, mama mkwe humkatia matuta yake mwenyewe, na akizeeka humwachia mke wa mtoto. Mwanaume hakuwa na neno huko. Mume wa Tusekile alikuwa amevuka kwenda kutafuta maisha Zambia na salamu zake zilikuwa zikija kwa msimu. Matuta yale ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha yeye na wanawe na kuwavalisha sare za shule. Sasa mfanyabiashara mmoja wa kahawa alitaka chemchemi kwa ajili ya mtambo wa kuoshea kahawa, na bonde zima kuizunguka. Mzee Simioni alikuwa amekwisha kumpa, kwa mikono iliyoinuliwa uani kwake.

Nikaandika pingamizi. Gwakisa alilisoma, akacheka kwa furaha, akanipiga bega. Hilo nalo nalikiri kama lilivyo: mwanzoni alikuwa upande wetu, au upande wa hoja yetu. Halmashauri ikasita, ikaagiza mkutano urudiwe mbele ya afisa wake. Nikaenda kijijini, nikafikia kwa Tusekile, katika jiko lake la matofali mabichi lililoegemea ua wa baba mkwe. Tulikula ugali na majani ya maboga yaliyoungwa karanga. Mchana mmoja, yeye akitwanga na mimi nikichambua maharage vibaya kiasi cha kuchekwa, tulisikia sauti nje. Mchi ukanyamaza. Tusekile aliruka nyuma ya kihenge, akajifunika kitenge kichwani. Alikuwa Mzee Simioni, na yule mfanyabiashara, wamesimama upande wa pili wa ukuta wakitafuta kivuli.

"Hao wanawake hawatafanya fujo mkutano wa pili?" mfanyabiashara akauliza.

"Wataifanyia wapi?" Mzee akajibu, bila haraka. "Mkutano nitauita hapa hapa. Wakwe zangu watakuja kukaa mbele yangu? Na wakwe wa wenzangu je? Mwenye mila hahitaji polisi. Asiyekuwepo na lake halipo."

Wakacheka, wakaenda zao. Niliposogea nyuma ya kihenge nilimkuta Tusekile ameuma kitenge, machozi yakimtoka, ya hasira, siyo ya kitu kingine. Yeye alikuwa amejificha kwa heshima, kwa kumheshimu yule mzee, na mzee alikuwa amesimama upande wa pili akiipigia hesabu heshima ile ile. Nimefanya kazi hii miaka mingi baadaye, nimesoma sheria nyingi mbaya. Sijakutana na jambo lililonichukiza zaidi ya kile kicheko.

Nikalazimisha, kupitia halmashauri, mkutano uwe shuleni. Jioni ya kuamkia siku hiyo wanawake wakajaa katika jiko la Bibi Eliza, mke wa Mzee Simioni, mama mkwe wa Tusekile, na hapo palikuwa na ugomvi. Wengine walitaka tupeleke barua tu. Wengine walisema wamwombe mchungaji awasemee. Mimi nikasema sheria inataka mkono uinuliwe na uhesabiwe, haikutaja uso. Tusekile akasema, "Madirisha ya darasa la tano hayana vioo." Kelele zikaanza upya: wakwe watatambua bangili, watatambua makovu, mkono wa mkwe nao ni mkwe. Ikawa kila mtu anamtazama Bibi Eliza, maana mumewe ndiye aliyekuwa akipingwa. Alikuwa anamenya viazi. Alimenya kimoja hadi mwisho.

"Matuta yale nilikatiwa na mama mkwe wangu," akasema. "Naye na wake. Huyu baba yenu hajui hata yanaanzia wapi. Vueni bangili, mpake tope la bondeni mpaka kwenye kiwiko. Tope halina mkwe."

Asubuhi ya mkutano wanaume walikaa uwanjani, wazee mbele kwenye viti, Bibi Eliza na bibi wenzake, ambao wakwe zao walishakufa, pembeni kwenye mikeka. Wake wa kijiji walipita mahindini wakaingia darasani kwa mlango wa nyuma, nami nikiwa nao. Kulinuka matope na jasho na chaki. Mzee Simioni alisimama akitazama shule, akaeleza faida za mtambo, barabara, ajira, maendeleo. Wanaokubali, akasema, na mikono ya wanaume ikainuka, siyo yote. Wanaopinga. Basi pale madirisha yote yakatoa mikono. Myeusi, imelowa, tope likichuruzika juu ya ukuta wa chokaa. Nilikuwa nimeinama chini ya dirisha nikiona nyuso za wale wanawake: walikuwa wamefumba macho, karibu wote, wamefumba kwa nguvu.

Nje, Mzee Simioni alitazama kwa kitambo kidogo cha mshangao, kisha akakumbuka yeye ni nani. Akageuka akaupa ukuta mgongo. Na wazee wote waliokuwa mbele, mmoja baada ya mwingine, wakageuza viti.

"Mwenyekiti, hesabu," afisa wa halmashauri akasema.

"Siwezi kutazama."

"Basi utahesabuje?"

Nikatoka, nikasema kwamba mwenyekiti asiyeweza kuitazama kura hawezi kuihesabu, na kwamba afisa yupo kwa kazi hiyo. Afisa alikuwa kijana mgeni, wa mikoa ya mbali, hakuwa na mkwe pale. Alipita dirisha kwa dirisha akihesabu kwa sauti, akarudia, akatangaza: wanaopinga ni wengi. Vigelegele vilivyotoka ndani ya lile darasa sijavisikia tena mahali popote, hata arusini. Mzee mmoja kwenye viti alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Mchana tukala viazi vya kuchemsha na chumvi, wanawake wakiwa bado na tope mikononi, kila mmoja akimkataza mwenzake asinawe kwanza.

Halmashauri ilikaa, ikakataa. Walisema mjumbe wa mkutano ni mtu anayeonekana, na mikono isiyo na uso haiwezi kujulikana ni ya nani. Wakasema kura halali ni zile za uwanjani. Na kijijini hesabu nyingine ikafanyika: kidole cha shahada cha Tusekile kilikuwa kimepinda, aliwahi kupigwa na mchi utotoni, na tope halikuficha hilo. Ukoo ukakaa. Akaamriwa apeleke mbuzi, kupitia kwa mama mkwe, kumwomba radhi mzee kwa kumnyooshea mkono. Alimpeleka. Bibi Eliza ndiye aliyemfungua kamba na kumwingiza uani, na nilielezwa kwamba siku hiyo hakumpikia mumewe. Mimi nikarudi Tunduma nikaanza kuandaa shauri la kwenda baraza la ardhi. Sera au siyo sera, nilikuwa nakwenda na kesi. Nilikuwa na mashahidi, nilikuwa na afisa aliyekubali kusema alichohesabu. Tulikuwa tunashinda; hata leo, nikilisoma lile shauri kwa macho ya utu uzima, naona tulikuwa tunashinda.

Gwakisa aliniita chakula cha mchana Vwawa, katika hoteli yenye vitambaa mezani. Akaagiza samaki kwa niaba yangu. Alisubiri mpaka nikaanza kula.

"Nimeliondoa pingamizi, na barazani hatuendi," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri. Akarudia kwa upole, kama daktari. Halmashauri ilikuwa tayari kupitisha mwongozo wa mikutano ya vijiji, wa kwanza wa aina yake, na wizara ilikuwa tayari kuuchukua kama mfano. Mwongozo ungewaruhusu wanawake wenye wakwe kupiga kura wakiwa ndani ya jengo, kwa kutoa mikono dirishani, na mikono hiyo ihesabiwe. Sharti lao lilikuwa moja: waliomba shauri la lile bonde liishe. Mfanyabiashara alikuwa mtu wao.

"Kwa hiyo mikono yao haikuwa mikono," nikasema, "ila ya wengine wote kuanzia sasa itakuwa mikono."

"Bonde moja, Suzana. Kwa vijiji vyote vya wilaya, pengine vya nchi nzima. Ungekuwa mimi ungechagua nini?"

"Ningewauliza wenye bonde."

"Ungewauliza wangekataa."

"Ndiyo. Wangekataa!" Mhudumu akageuka. Gwakisa aliendelea kuchambua miba ya samaki wake taratibu, akaipanga pembeni mwa sahani. Alisema nimewazoea mno wale wanawake, kwamba wakili wa sera akilala jikoni kwa watu haoni tena mbali. Alisema nitakuja kumshukuru. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: alinitolea rasimu, na lugha yake ilikuwa yangu, sentensi zangu za taarifa niliyomwandikia nikiwa bado na harufu ya lile tope, "wakiwa ndani ya jengo, kwa kutoa mikono dirishani, pasipo kuonana." Mpaka koma zilikuwa zangu. Watu wameniuliza miaka hii yote kama hakuwa na hoja. Alikuwa nayo. Vijiji vingi vimepigia kura madirishani tangu hapo, na mahali pengine wanawake wameokoa ardhi yao kwa njia hiyo. Namfurahia kila mmoja wao. Lakini bonde halikuwa lake kulitoa. Mtu hachukui cha mwenzake akakiweka mezani kununulia jema, kisha akaitwa mkarimu. Hilo nililisema siku ile kwa sauti kubwa, na nalisema leo, na kufa kwake hakujalibadilisha.

Nilikwenda mwenyewe kuwaambia. Nilikataa atumwe mtu mwingine. Walikuwa jikoni kwa Bibi Eliza, na kulikuwa na uji wa ulezi.

"Kwa hiyo mwongozo mpya unasema tulichofanya ni halali?" Tusekile akauliza.

"Unasema hivyo."

"Na bonde?"

"Limekwenda."

"Sasa huo uhalali nitaupanda wapi?"

Bibi Eliza akanimiminia uji, akaniambia ninywe ungali moto, basi nikanywa. Baada ya mavuno seng'enge ilizungushwa. Kabichi zilizokuwa hazijakomaa zilibaki ndani, wakaziona zikipasuka na kuoza kutoka njiani. Tusekile akaanza kununua maharage Mlowo, kule kule alikokuwa akiyauza, na mtoto wake mkubwa akaacha shule akaenda kubeba mizigo mpakani. Mfanyabiashara akatoa shukrani: bomba moja la maji, kando ya barabara, lenye kibao cha jina lake.

Ndipo Gwakisa akaleta wageni. Wafadhili kutoka Dar es Salaam, wawili wazungu, watu wa wizara, mpiga picha. Walitaka kuona utaratibu wa madirisha pale ulipoanzia. Mimi nilikuwa nimekwisha kuandika barua ya kuacha kazi, lakini nilibaki kwa siku ile moja kwa sababu wanawake waliniomba niwepo. Ajenda ya mkutano ilikuwa kijiji kumshukuru mwekezaji kwa bomba. Wanawake walitakiwa wakubali kwa kutoa mikono. Darasa lilikuwa limepakwa chokaa upya. Mpiga picha aliingia kwa mlango wa nyuma, akasalimia, akauliza kwa adabu kama akina mama wangeweza kupaka tope kama ile mara ya kwanza, picha ingependeza zaidi.

"Tope liko ndani ya seng'enge, baba," mama mmoja akamjibu. Mpiga picha akatoka.

Nje Mzee Simioni alisoma ajenda. Alikuwa amevaa koti. Akawashukuru wageni, akamshukuru Wakili Gwakisa, akasema kijiji hiki sasa kinajulikana hadi Ulaya. Kisha akageuka, akaupa ukuta mgongo kabla hajaambiwa, na wazee wakageuza viti kwa pamoja, maana walikuwa wamefundishwa kwamba hilo ndilo wageni wanalolitaka. Kamera zikaelekezwa madirishani.

"Wanaokubali," Mzee akasema.

Ndani hakuna aliyejongea. Walikuwa wamebanana kwenye madawati ya watoto, mikono mapajani, wanatazama ubao. Hawakuwa wameniambia mimi chochote. Nje mtu akakohoa. Mzee akarudia. Gwakisa akaja dirishani kwa pembeni, jasho likimtoka usoni, akaninong'oneza, "Suzana, waambie wanyooshe. Ni dakika moja tu. Waambie." Nikamgeukia Tusekile. Alikuwa ameketi dawati la mbele.

"Mwambie mikono yetu tulishaitoa," akasema, bila kunong'ona. "Waende wakaihesabu ile."

Nikatoka nje, nikasimama mbele ya wageni nikayasema maneno hayo kama alivyoyasema. Gwakisa akaanza kuwatafsiria kwa Kiingereza kwamba akina mama wanashukuru sana na leo wameona haya. Nikamkatiza, nikatafsiri mwenyewe, neno kwa neno. Mpiga picha akashusha kamera. Nyuma ya darasa mahindi yalikuwa yakitikisika, walikuwa wakiondoka.

Mzee Simioni alikuwa bado ameupa ukuta mgongo, mikono nyuma, akisubiri.

"Imetoka mingapi?" akauliza.

"Hakuna hata mmoja, mzee," nikamwambia. "Geuka tu utazame."

Akageuka.